Shajara ya mradi wa makingamaji, mteremko wa magharibi, Wilaya ya Mpwapwa: Agosti hadi Juni

Agosti, wiki ya pili

Leo kikundi chetu cha kaya 14 kimekubaliana kuanza kazi ya kuhifadhi udongo na maji katika mteremko wa magharibi wa kijiji, nami nimekabidhiwa daftari hili ili niandike kila hatua kama ilivyokwenda, makosa yakiwemo, kwa kuwa wenzetu wa vitongoji viwili vya jirani wameomba kuisoma shajara hii kabla hawajashika sururu. Mteremko wenyewe unaanzia kwenye miamba ya kilima, unapita ukanda wa ardhi tupu wanakochungiwa mifugo, unashuka katika mashamba ya mtama, uwele na alizeti, kisha unaishia kwenye mbuga ya udongo mweusi iliyo kando ya mto wa mchanga. Katikati ya mashamba limekatika korongo ambalo nilipokuwa kijana nililivuka kwa hatua moja. Leo mtu mzima akisimama ndani yake, aliye shambani haoni hata kofia yake.

Mjadala ulikuwa mrefu. Wengi walitaka tuanze na korongo, tulizibe kwa mawe na magunia ya mchanga, kwa sababu ndilo jeraha linaloonekana na ndilo linalomeza mashamba, na mimi nilikuwa upande wao. Bwana shamba wa kata hakubisha wala hakukubali. Alituomba tu tupande naye kilimani tukiifuata njia ya maji kinyumenyume. Tuliona kwamba juu ya kichwa cha korongo kuna mfereji mwembamba, juu ya mfereji kuna njia ya ng'ombe inayoshuka wima, na juu ya njia hiyo kuna uwanda wa ardhi iliyokanyagwa hadi ikawa kama sakafu. Korongo halijizalishi lenyewe. Tumeamua kuanzia juu, na korongo tutaliacha kama lilivyo mwaka huu, ingawa uamuzi huo umewauma wale ambao mashamba yao yanapakana nalo.

Septemba, wiki ya kwanza

Tumechimba mashimo matatu ya kuchunguzia udongo, moja karibu na miamba, moja katikati ya mashamba na moja pembezoni mwa mbuga, kila moja likiwa na kina cha mita 1. Juu udongo ni mwekundu, una changarawe, na udongo wa juu wenye rangi ya mboji umebaki unene wa vidole viwili tu. Katikati ni kichanga chepesi cha rangi ya kahawia iliyopauka, na tuliposhika konzi iliyoloweshwa na kujaribu kuiviringisha iwe uzi, ilikatika kabla haijafikia urefu wa kidole. Chini, kwenye mbuga, ni mfinyanzi mweusi uliopasuka nyufa pana kiasi cha kupitisha mkono, na konzi yake ilitoa uzi mrefu uliopinda kuwa pete bila kukatika.

Mashimo haya matatu yameunganishwa na jambo moja ambalo wataalamu wa udongo duniani walijifunza kulitaja kwa jina wakiwa hapa kwetu. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alipendekeza neno katena, lililotoka katika Kilatini na lenye maana ya mnyororo, kuelezea jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka kilele hadi bondeni, mteremko baada ya mteremko. Wasukuma walikuwa tayari na majina kwa kila pingili, kama vile luseni kwa udongo wa kichanga, itogolo kwa ule mgumu unaofuata chini yake, na mbuga kwa ule mweusi wa bondeni. Nimewaeleza wanakikundi habari hii kwa sababu inahusu kazi yetu moja kwa moja. Maji yanayotiririka juu ya mteremko huhamisha chembe laini na virutubisho, na yale yanayopenya ndani hushuka nayo chini kwa chini, hivyo anayelima juu na anayelima chini wanalima vipande viwili vya kitu kimoja, hata kama kila mmoja ana mpaka wake na mti wake wa alama.

Tulipima pia kasi ya maji kuingia ardhini kwa kutumia kopo la bati lisilo na kitako, lililogongewa chini sentimita 5, kisha tukamimina lita 1 ya maji. Chini ya kichaka kilichobaki kando ya miamba, ambapo majani makavu yamefunika ardhi, maji yalikwisha kabla ya dakika 2. Shambani, kwenye udongo uliobaki tupu baada ya mabua kuliwa na mifugo, yalichukua dakika 11. Kwenye njia ya ng'ombe tulisubiri nusu saa, tukaondoka tukiyaacha yakimetameta ndani ya kopo.

Jambo hili liliwahi kupimwa katika wilaya hii hii zaidi ya miaka 80 iliyopita. Kuanzia mwaka 1933, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, R. R. Staples aliweka vipande vya ardhi vilivyozungushiwa kingo na kupima mvua iliyonyesha, maji yaliyotiririka na udongo uliobebwa. Katika kichaka ambacho hakikulishwa, maji yaliyotiririka hayakufikia hata asilimia 1 ya mvua. Katika kipande kilicholimwa uwele ilikuwa kama robo ya mvua. Katika kipande kilichoachwa tupu ilikuwa nusu, na udongo uliopotea ulizidi tani 140 kwa hekta kwa mwaka. Naandika robo na nusu kwa makusudi, kwa sababu nadhani tutazihitaji hesabu hizi tutakapopanga ukubwa wa mitaro.

Septemba, wiki ya tatu

Fremu A, chombo chetu cha kupimia mstari wa usawa, imekamilika. Ni miti miwili iliyofungwa pamoja kwa juu na kutanuliwa miguu kwa umbali wa mita 2, mti wa tatu umekingama katikati, na kutoka kileleni umening'inizwa uzi wa timazi wenye jiwe. Kuirekebisha ni rahisi lakini kunadai subira: unasimamisha miguu juu ya vigingi viwili, unaweka alama pale uzi unapogusa mti wa katikati, unageuza fremu ili mguu wa kushoto ukae mahali pa ule wa kulia, unaweka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Vijana wameipenda kuliko chombo chochote cha kununua, kwa sababu wanaijua ilivyotengenezwa hadi fundo la mwisho.

Mteremko wa mashamba tumeupima na kuukuta wa asilimia 5. Kwa mteremko kama huo, kanuni tuliyofundishwa inatupa tofauti ya kimo cha karibu mita 1 kati ya tuta na tuta, yaani kama mita 20 za kutembea. Tumepanga mistari minne, wa kwanza ukiwa makingamaji, yaani mtaro wa kukinga maji yanayoshuka kilimani, juu kabisa kwenye mpaka wa mashamba na ardhi ya malisho, na mitatu ya chini ikiwa matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hurushwa upande wa kilima.

Leo ndipo tulipokutana na ugumu ambao sikuutarajia. Mstari wa usawa haufuati mpaka wa shamba la mtu. Vigingi viliingia kwa mwenzetu wa kwanza, vikakata pembe ya wa pili, vikapinda kwa wa tatu na kumwachia kipande chembamba juu ya mtaro, kisha vikafika kwenye shamba la bibi mmoja ambaye si mwanachama. Tulikwenda kwake, tukamwamkia, tukamweleza. Alitusikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, “Mwalimu, matuta nayajua. Baba yangu alilimishwa matuta kwa faini. Shamba langu liacheni.”

Hatukumbishia, na naona tulifanya vema. Wakati wa ukoloni matuta yalilazimishwa kwa sheria ndogo katika sehemu nyingi za Tanganyika, na mwaka 1955 huko Uluguru chuki dhidi ya amri hizo iliishia katika ghasia na kifo cha mtu. Mstari ukiwa sahihi kwa vipimo lakini umechimbwa kwa kulazimishwa, mwenye shamba hataufukua mchanga unaojaa mtaroni mwaka unaofuata. Kwa hiyo makingamaji yetu ya kwanza yataishia kwenye mpaka wake. Bwana shamba aliuliza maji yatakayofika mwisho wa mtaro yatakwenda wapi, nasi tulimjibu kwamba mtaro ni wa usawa, hivyo maji yatakaa humo humo hadi yanywewe na ardhi.

Oktoba

Mwezi mzima umekuwa wa sururu. Tunachimba kwa msaragambo siku za Jumanne na Ijumaa kuanzia alfajiri hadi jua linapokuwa kali, na kila kaya imepewa sehemu yake. Udongo wa kwetu wakati wa kiangazi hushikana kama saruji, na wazee wanakumbusha jinsi ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza hapo Kongwa mwaka 1947 ulivyochakaza mitambo na majembe yake kwenye ardhi ya namna hii, hadi ukafutwa mwaka 1951. Kwa hiyo tunamwaga maji kidogo jioni mahali tutakapochimba kesho yake, nayo kazi hupungua karibu nusu.

Kuhusu fanya juu, ni vizuri wasomaji wa vitongoji vingine wauelewe utaratibu wake, kwa kuwa wengi hukosea upande. Unachimba mtaro, kisha udongo wote unaurusha upande wa kilima, si wa bondeni, na hapo linasimama tuta juu ya mtaro. Maji ya mvua yanayoshuka husimama nyuma ya tuta na kuacha tope lao, na mwaka hadi mwaka ardhi iliyo nyuma yake huinuka na kulala, mpaka mteremko unageuka kuwa ngazi pana bila mtu kuibeba ngazi hiyo kwa karai. Kurusha udongo juu kunachosha kuliko kuurusha chini, na ndiyo maana jina lenyewe ni amri. Njia hii ilienea katika nchi ya Wakamba, Machakos nchini Kenya, tangu miaka ya 1950, na wataalamu wa dunia walipoiandika hawakutafuta jina jingine: vitabu vya hifadhi ya udongo vya lugha nyingi huiita fanya juu, kwa Kiswahili hicho hicho. Nilipowaambia vijana jambo hili, waliendelea kuchimba bila kusema neno, lakini niliona walivyotazamana.

Wanakikundi wawili ambao mashamba yao ni mepesi sana wamejaribu pia mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapa Dodoma yalikoanzia. Shimo lina upana wa kama sentimita 22 na kina cha sentimita 30, na umbali wa sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo, huku mistari ikiachana kwa sentimita 90. Ndani yake huwekwa majivu ili kuwafukuza mchwa, samadi na masalia ya mazao, kisha udongo kidogo, na sehemu ya juu huachwa wazi ipokee maji. Kwa mkono mmoja kazi ni ndogo, kwa shamba zima ni kubwa, na sitashangaa wakiishia robo ekari.

Novemba

Makingamaji na matuta mawili yamekamilika. La tatu litasubiri mwakani. Tumepanda nyasi juu ya matuta na mbaazi nyuma yake.

Tarehe 5 Desemba

Leo ni Siku ya Udongo Duniani, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiidhinisha mwaka 2013 na ikaadhimishwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Nimeitumia kwa somo moja shuleni. Tulikata chupa mbili za plastiki kwa urefu, tukajaza zote mbili udongo wa shamba lilelile, moja tukaifunika kwa nyasi kavu na nyingine tukaiacha wazi, kisha watoto wakamwagilia kwa kopo lenye matundu. Chupa ya nyasi ilitoa maji machache, tena meupe. Ile iliyo wazi ilitoa maji mengi mekundu. Mtoto mmoja wa darasa la tano aliuliza kama udongo huo unaweza kurudishwa kwenye chupa, na tukajaribu, na alipoona kwamba uliotulia chini ya glasi ni mchanga tu na wekundu wote umebaki ukielea majini, hakuuliza tena.

Tathmini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba kama theluthi moja ya udongo wa dunia imeharibika kwa kiwango cha kati au kikubwa, kwa mmomonyoko, kwa kupoteza mboji, kwa chumvi, kwa kushindiliwa na kwa sumu. Niliwatajia watoto takwimu hiyo, lakini naamini glasi ile ndiyo watakayoikumbuka.

Tarehe 9 Januari

Naandika kwa huzuni. Jana alasiri ilinyesha mvua ya milimita 54 kwa muda usiofika saa 2, kwa kipimo cha shule. Makingamaji yalijaa, maji yakatembea ndani ya mtaro kuelekea mwisho wake wa kusini, yakapanda ukingo na kuubomoa mita chache kutoka kwenye mpaka wa bibi, kisha yote yaliyokuwa mtaroni yakatoka kwa mkupuo mmoja kupitia mwanya ule. Shamba lake limekatwa kijikorongo kipya kinachofika magotini, na mtama wake uliokuwa umeota kwa mistari mizuri umelazwa chini ya mchanga. Kabla ya kazi yetu, maji hayo yalikuwa yakipita kwake kwa kutawanyika. Sisi ndio tulioyakusanya na kumpelekea kwa pamoja.

Tulikwenda kwake asubuhi, kikundi kizima. Hakutufokea. Alisimama kwenye ukingo wa kile kijikorongo akiwa ameshika mche mmoja wa mtama uliong'oka na mizizi yake, akaniambia, “Mwalimu, nilisema shamba langu liacheni, na hamkuliacha.” Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina. Tumekubaliana kumfukia kijikorongo, kumletea mbegu za kupandia tena na nguvu kazi ya siku mbili, na kutochimba hata mita moja zaidi hadi tujue kilichotokea.

Tarehe 14 Januari

Tumejua. Makosa ni mawili, na nayaandika kwa urefu kwa sababu hii ndiyo sehemu ya shajara ambayo wenzetu wanapaswa kuisoma mara mbili.

Kosa la kwanza ni la kupima. Fremu A inapotembezwa, mguu wa mbele hubaki mahali pake na ule wa nyuma huzungushwa kwenda mbele, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea. Ukifanya hivyo, hata kama alama ya usawa imehama kidogo, kosa la hatua moja hufutwa na kosa la hatua inayofuata, kwa kuwa miguu hubadilishana nafasi. Siku tuliyopima sehemu ya kusini jua lilikuwa kali, na waliokuwa na fremu waliacha kuizungusha, wakawa wanaibeba mbele mguu uleule ukiwa umetangulia daima. Wakati huo huo kamba ya katani ya kilele ilikuwa imelegea. Kosa la sentimita 1 tu kwa kila hatua ya mita 2, kwa hatua 40, ni sentimita 40, nasi tuliporudia kupima jana tulikuta mwisho wa mtaro uko chini kwa sentimita 37 kuliko mwanzo wake. Mtaro tuliouita wa usawa ulikuwa mfereji.

Kosa la pili ni langu zaidi kuliko la vijana, kwa kuwa hesabu niliifanya mimi. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 unabeba lita 360 kwa kila mita ya urefu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nilikuwa nimepanga mitaro yote kwa makadirio ya shamba: mita 20 za ardhi iliyolimwa juu ya kila mstari, na robo ya mvua ikitiririka. Kwa mvua ile ya tarehe 8, hesabu hiyo inatoa lita 270 kwa kila mita, nazo zingetosha mtaroni. Lakini juu ya makingamaji hakuna shamba. Kuna mita 30 za ardhi tupu iliyokanyagwa, ambayo vipimo vya Mpwapwa vinasema humwaga nusu ya mvua yake, na hapo tunapata lita 810 kwa kila mita, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa mtaro, kabla hata hatujahesabu maji ya njia ya ng'ombe. Takwimu hizi zilikuwa katika daftari hili tangu Septemba. Niliziandika, nikaacha kuzitumia mahali pale zilipohitajika zaidi.

Januari, wiki ya nne

Tumebadilisha mpango. Makingamaji ya juu hayatakuwa tena mtaro wa kuhifadhi maji, bali wa kuyaelekeza taratibu upande wa kaskazini, mbali na shamba la bibi, hadi kwenye mkondo wa asili wenye sakafu ya mwamba ambao hauwezi kuchimbika. Ili kuupata mwinamo mdogo wa sentimita 1 kwa kila mita 2, tumechonga kipande cha mti chenye unene wa sentimita 1 na kukiweka chini ya mguu wa mbele wa fremu kila tunapopiga hatua. Uzi ukitulia kwenye alama, ardhi inashuka kwa kiasi tunachotaka. Mwinamo ukizidi hapo, maji yataanza kula sakafu ya mtaro. Udongo wote tumeurusha upande wa chini, tukaushindilia kwa miguu na kuupanda nyasi.

Matuta ya chini yamebaki ya usawa, ila sasa nyuma ya kila tuta tumejenga kingo ndogo za udongo kila baada ya mita 8, ili mahali pamoja pakivunjika maji ya sehemu nyingine yasikimbilie mwanya huo. Kazi hii tuliifanya mvua ikiwa inaendelea, jambo ambalo simshauri mtu yeyote, lakini hatukuwa na hiari.

Februari

Mvua imekatika kwa siku 19, kama inavyotokea kwetu miaka mingi katika mwezi huu. Mashamba yasiyo na matuta yameanza kukunja majani kabla ya saa 4 asubuhi. Kwenye mashamba yenye matuta hali si sawa kila mahali, na ningependa kueleza tofauti hiyo kwa uaminifu. Karibu na tuta, upande wa juu, nilichimba na kukuta unyevu hadi sentimita 45. Hatua kumi juu ya hapo, katikati ya tuta na tuta, unyevu uliishia sentimita 18, na juu ya ardhi lilikuwepo lile gamba gumu ambalo matone ya mvua hulitengeneza yanapopiga udongo mtupu, yakivunja vidonge vyake na kuziba vinyweleo kwa vumbi lake. Tuta linazuia maji yasiende. Haliwezi kuyaingiza ardhini pale yanapoangukia. Hiyo ni kazi ya mboji na ya kifuniko, na kifuniko ndicho hatuna, kwa sababu mabua yetu huliwa na mifugo au huchomwa wakati wa kuberega, yaani kusafisha shamba kwa moto bila kulilima. Siwezi kuwalaumu wazee kwa kuberega, kwa kuwa ni njia inayomwezesha mtu mwenye jembe moja kupanda mapema mvua inapoanza, lakini moto ule unachukua kila mwaka kitu ambacho samadi tuliyonayo haiwezi kukirudisha.

Mashimo ya Chololo yamesimama vizuri kuliko yote. Mtama wake ni wa kijani hadi leo. Waliochimba waliishia robo ekari, na wote wawili wanasema mwakani wataongeza.

Machi

Tumekaa na wafugaji kuhusu njia ya ng'ombe. Kikao kilianza kwa wasiwasi, kwa sababu mmoja wao alisikia kwamba tunataka mifugo iondolewe mlimani kama ilivyofanyika Kondoa. Nilieleza ninachokijua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 la milima ya Irangi. Nyasi na miti ilirudi, na makorongo mengi yalitulia, hilo haliwezi kukanushwa. Lakini familia zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao kwa mara moja, na ilichukua takribani miaka 10 kabla ufugaji wa kulishia zizini haujaruhusiwa. Kikundi chetu hakiombi jambo hilo. Tunaomba njia ihame.

Tumekubaliana kwamba njia mpya itapanda kwa kuzunguka, si kwa kushuka wima, na kwamba ile ya zamani itawekewa vizuizi vya mawe kila baada ya hatua 15, huku maji yake yakielekezwa kwenye lambo dogo ambalo mifugo hiyo hiyo itakunywa. Wafugaji wameleta mawe kwa mkokoteni wao wenyewe. Ukanda wa juu ya makingamaji utapumzishwa misimu miwili, na visiki vilivyo hai vitapogolewa machipukizi ili kila kimoja kiachwe na mashina machache yenye nguvu.

Aprili, wiki ya mwisho

Mvua ya milimita 48 imenyesha usiku kucha. Alfajiri nilikuta mtaro wa juu umepitisha maji hadi mwambani bila kuharibika, na mkondo wa mwambani ulikuwa unapiga kelele tangu mbali. Nyuma ya tuta la pili, kwa rula ya shuleni, nimepima tope la sentimita 11 lililotulia tangu Desemba. Nililichukua kiganjani. Ni laini, lina rangi ya mboji, na ndani yake kulikuwa na mbegu ya mtama iliyoanza kuota.

Juni

Mavuno yameingia. Shamba la bibi, lile lililopandwa mara ya pili Januari, lilichelewa na limetoa kidogo, nasi tumempelekea magunia mawili kutoka katika mavuno ya kikundi, ambayo aliyapokea baada ya kutukaribisha uji.

Tulipokuwa tunaaga aliuliza ile fremu iko wapi. Nilimwambia iko nyumbani kwangu. Akasema, “Ilete hapa, Mwalimu, na yule kijana anayejua kuizungusha aje nayo.” Jumanne iliyofuata tulipima shamba lake, yeye mwenyewe akishika vigingi na kuchagua mahali pa kuvipigilia pale mstari ulipokaribia mti wake wa ukwaju, ambao tulikubaliana kuuzunguka kwa upande wa juu. Vigingi ni 32. Mtaro utachimbwa kuanzia Agosti, na fremu imebaki ukumbini kwake, imeegemezwa ukutani, jiwe la timazi limefungwa kitambaa lisigonge.